Kumeza Ufunguo

Simu ilimkuta fundi na pini mdomoni. Alikuwa anabandika zipu kwenye gauni la mteja mmoja msumbufu, mwanamke wa kupungua leo na kunenepa kesho, na kila mabadiliko hayo lawama ni za fundi. Akaibana simu kwa bega, akaitikia kwa kuguna.

"Wewe ni mama wa binti wa kidato cha tatu?" Sauti ya kiume, kavu. "Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Kesho asubuhi ufike shuleni. Tafadhali usikose."

Akazitema pini kiganjani. "Mwanangu anaumwa?"

"Haumwi. Ufike tu."

Simu ikakatwa. Fundi viatu, ambaye walishirikiana naye kibaraza tangu duka lilipofunguliwa, akainua uso kutoka kwenye soli aliyokuwa anaigonga.

"Vipi jirani, mbona umenywea? Wamekutapeli?"

"Shule."

"Kafanya nini yule Chiriku wako? Kaongea mpaka mwalimu kaanguka?"

Siku nyingine fundi angemjibu, maana utani ulikuwa ndiyo salamu yao. Siku hiyo alirudi kwenye zipu, akaibandika upande, akaifumua, akaibandika upande tena.

Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Alisema akila, alisema akifua, alisema usingizini. Walikuwa wawili tu katika vyumba viwili nyuma ya duka. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Siku moja alikwenda na lori kama kawaida na hakurudi. Hakufa. Alihamia tu kwenye maisha mengine, akawaacha wawili hao wakiuzoea ukimya wa chumba, ukimya ambao Chiriku aliapa kuumaliza.

Na mama mtu alimsaidia. Jioni, akipiga pindo kwa mkono, alimsimulia mwanawe vituko vya shule ya bweni aliyosoma. Alijua kusimulia, alitia chumvi pale pale inapotakiwa. Alisimulia juu ya chumvi yenyewe, waliyoitia kwenye chai ya walimu wakidhani ni sukari. Alisimulia juu ya msichana aliyejificha chini ya kitanda akikimbia hesabu, akapitiwa na usingizi, akaja kuamshwa na mkoromo wake mwenyewe mbele ya mwalimu anayekagua bweni. Lakini hadithi iliyoombwa kila likizo ilikuwa ile ya saa.

Shule nzima ilikuwa na saa moja ya kutegemewa, ya ukutani, nje ya ofisi ya mkuu. Mama mtu, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, alipewa kazi ya kupiga kengele, na kengele yenyewe ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwa mnyororo. Jioni walimu walikwenda makwao. Alibaki matroni peke yake, mama mnene mwenye roho nzuri, ambaye hakuwa na saa na aliishi kwa kengele tu. Basi wasichana wa bweni wakamjia mpiga kengele. Prepo ya usiku ndefu, dada. Macho yanatuuma. Hebu isogeze kidogo ile saa. Rafiki yake wa chanda na pete, waliyeitana Pacha, alishika kiti. Yeye akapanda, akausukuma mshale mbele. Prepo ikaisha mapema, matroni akalala mapema, kila mtu akafurahi. Kabla ya kulala yeye huyo huyo alirudi kimyakimya kuurudisha mshale mahali pake, na asubuhi dunia ikawa sawa.

Hivyo hivyo muhula mzima. Mpaka siku aliyoshikwa na homa akashindwa kuinuka, akamwagiza Pacha akairudishe saa. Pacha akaenda, akapanda kiti, na badala ya kuuvuta mshale nyuma akausukuma mbele tena. Mgonjwa akajikongoja kwenda kuitazama saa, akapiga kengele usiku ungali mzito. Wasichana wakaamka, wakaoga, wakapanga mstari uwanjani, wakaimba. Mpishi akaja mbio suruali kaivaa ndani nje, akakoroga uji. Uji ukanyweka, ukaisha, na jua halikuja. Matroni akaangalia mashariki, akaangalia magharibi, akapiga magoti palepale akasema mwisho wa dunia umefika na yeye hajalipa deni la unga. Majirani wakaja na marungu wakidhani shule imevamiwa.

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. "Halafu, mama? Walipogundua?"

"Wakaniita mimi, si ndiye mwenye saa? Wakaniuliza nani alinituma, nani alinisaidia."

"Ukawataja?"

"Niwataje? Nikameza ufunguo."

Hivyo ndivyo walivyosema bwenini kwao. Aliyekamatwa hataji wenzake. Mlango umefungwa, ufunguo uko tumboni, mwalimu akamtafute fundi wa makufuli. Na wale walionusurika hawamwachi mwenzao: wanamfulia, wanamwekea chakula, wanaingia shambani kulima kipande chake cha adhabu akigeuka mwalimu. Chiriku aliyapenda maneno hayo kuliko saa yenyewe. Aliyachukua akaenda nayo shuleni kwake, kama mtu anayekwenda na nguo nzuri ya mama yake.

"Sasa mbona hukumaliza shule?" aliwahi kuuliza.

"Karo," alisema mama yake, akiinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

*

Shule ya Chiriku ilikuwa mlimani, mahali penye baridi ya kuingia mpaka kwenye meno. Fundi alifika amevaa gauni lake la heshima, lile la misiba na mikutano, akaketishwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Mezani palikuwa na kitu cha ajabu: vijiko viwili vya chakula vimefungwa kwenye kijiti, kimoja huku na kimoja huku visigusane, na kila kimoja kimevishwa ncha ya waya. Waya ulikuwa umeungua upande mmoja, mweusi kama utambi.

"Unakijua hiki, mama?"

"Hapana."

"Hita. Ya kujitengenezea. Maji ya huku ni barafu, sisi wote tunajua. Wanaitumbukiza kwenye ndoo, wanaunga umeme, maji yanachemka, wanapanga foleni na mabeseni. Tumeshakataza mpaka midomo imekauka." Akakisukuma kile kitu kwa ncha ya kalamu. "Juzi soketi imetema moto. Wamekimbia, wamesukumana, ndoo imepinduka. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa kwenye foleni. Maji yamemshukia mguuni, kuanzia gotini kwenda chini."

Fundi akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu. Yuko wapi?"

"Hospitali. Atapona, lakini ngozi imetoka. Baba yake alikuja hapa jana, tulimshika watu watatu." Mwalimu akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Wote walikimbia. Tuliyemkuta ni binti yako. Alikuwa anammwagia yule mtoto maji ya baridi mguuni, na waya huu kauzungusha mkononi."

"Alibaki kumsaidia."

"Alibaki, ndiyo. Na tangu hapo hajasema neno. Tumembembeleza, tumemtisha, hasemi."

"Chiriku? Hasemi?" Fundi nusura acheke.

"Mama, nisikilize. Ile soketi ilifunguliwa ukutani, nyaya zikachokonolewa. Hiyo si kazi ya mtu mmoja, na kamati inataka kujua ni ya nani. Akisema, atasimamishwa wiki mbili na atarudi darasani kama wengine waliokuwamo. Aliyefungua soketi huyo ana kesi yake. Asiposema, kamati itachukua kwamba yote ni yeye. Hapo ni kufukuzwa, na mwenye alama ya kuunguza mtoto hakuna shule ya maana itakayompokea." Akasimama. "Tunakaa baada ya mapumziko ya chai. Nenda ukaongee naye. Ana kichwa yule. Anaongoza darasa. Hatupendi kumpoteza."

Chiriku alikuwa kwenye benchi koridoni, magoti yamebanana, mkono mmoja umefungwa bendeji. Alimwamkia mama yake bila kumtazama. Fundi akakaa. Akaushika ule mkono wenye bendeji, akaurudisha polepole pajani pa mwenyewe kana kwamba ni kitu cha kuazima.

"Unauma?"

"Kidogo."

"Nani alikuwa na wewe?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu mwalimu hatanii."

"Najua."

"Basi sema."

Ndipo msichana alipogeuka, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho mama yake hakukitarajia. Hakikuwa hofu. Kilikuwa fahari.

"Mama, nimemeza ufunguo."

Maneno yake mwenyewe, ya kuchekea jioni, yamerudi yamevaa sare ya shule.

Koridoni alipita msichana na ndoo ya kudekia, akapita mwingine na rundo la madaftari. Fundi alisubiri wapite. Alikuwa mtu wa kusubiri, kazi ya sindano ilimfundisha hivyo; lakini chai ya walimu haikuwa inasubiri, ilisikika ikimiminwa chumba cha pili, na vijiko vikigonga vikombe.

"Ile hadithi ya saa," alisema, "sikukumalizia."

"Nimeshaisikia yote, mama."

"Hujaisikia. Niliposema walinipa adhabu ya kulima, nilidanganya. Sikulima. Nilifukuzwa. Wiki ileile. Karo ilikuwapo, babu yako alikuwa ameshailipa mpaka mwisho wa mwaka."

Chiriku alikunja uso.

"Kwenye ule mkusanyiko, wa kuimba bila jua, majirani walikuja na marungu mbio, mmoja akampiga mlinzi wetu akidhani ni mwizi. Alipoteza jicho. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha, lakini mimi nikikusimulia huwa naishia kwa majirani wanapofika. Wakanihoji kama hivi. Nikajifanya jasiri. Pacha alikuja dirishani akaninong'oneza, 'Nyamaza tu, mwenzangu, mambo yakitulia tutakwenda wote kwa mkuu kukuombea. Bweni zima.' Nikaamini. Nilikaa nyumbani nikivaa sare, unanielewa? Kila asubuhi nilivaa sare, nikakaa kwenye ngazi, nikisubiri kuitwa. Babu yako akaacha kuniuliza. Mwisho bibi yako akaichukua ile sketi akamkatia mdogo wangu."

"Hawakuja?"

"Hakuja hata mmoja."

Chiriku alikuwa anachezea ncha ya bendeji. "Labda walikatazwa."

"Labda. Wewe ulipokuwa mchanga nilikupeleka kliniki. Kwenye dirisha la dawa nikamwona Pacha, muuguzi, kapendeza, kofia nyeupe. Aliponitambua alipiga yowe la furaha. Akawaita wenzake: njooni mumwone huyu, huyu ndiye yule wa saa niliyewasimulia! Akaisimulia yote palepale, mpishi, matroni, akacheka mpaka akafuta machozi. Mlinzi na jicho lake hakumtaja. Mimi mwisho wangu hakuutaja. Nilimngoja aniulize, 'Ulisoma wapi baadaye?' Hakuniuliza. Akanipa dawa, akasema tulikuwa na vituko sisi, jamani. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanisukuma kwa kiwiko." Fundi akanyoosha pindo la gauni lake. "Hakuwa na ubaya wowote, mwanangu. Ndiyo ninachokuambia. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa amesahau."

Kwa muda Chiriku alikuwa mtoto tena, mdomo umelegea. Halafu akajikusanya.

"Hao walikuwa wenzako, mama. Wangu siyo hao. Jana wamenifulia sketi. Wameniletea chakula mpaka chumba cha wagonjwa, wamekula viporo ili mimi nile nyama."

"Na mimi walinifulia."

"Mbona ulinifundisha, kama ni kibaya?"

Fundi angesema kwamba alitaka mwanawe acheke. Angesema kwamba mtu aliyebakiwa na vipande vichache vya kitambaa kizuri hushona kile kinachotoka, na matundu huyageuzia ndani. Lakini mlango wa ofisi ukafunguliwa, na mwalimu wa nidhamu akawaita kwa kidole.

*

Kamati ilikuwa watu watano kwenye meza ndefu, mkuu wa shule katikati, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Walimpa fundi kiti. Chiriku alisimamishwa mbele. Kile kidude cha vijiko kilikuwa kimehamishiwa hapo, juu ya gazeti.

Mkuu hakufoka. Aliuliza kwa sauti ya chini nani alikuwa naye, na Chiriku akatazama ukutani. Akauliza nani alifungua soketi. Ukuta. Akauliza waya umetoka wapi.

"Ni wangu," alisema Chiriku. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele yao.

"Uliutoa wapi?"

"Nyumbani."

Fundi akautazama ule waya kwa mara ya kwanza sawasawa. Ofisini alikuwa ametazama vijiko na upande ulioungua. Sasa upande usioungua ulikuwa umeelekea kwake: waya mnene uliovikwa uzi wa kusukwa, mweusi na mweupe, na karibu na plagi palikuwa na kiraka cha kitambaa cha maua kilichozungushiwa uzi wa cherehani, mishono midogo midogo, imebana. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeshona kiraka kile. Ulikuwa waya wa pasi yake ya zamani, iliyokufa.

Na alijua nani aliuchukua. Likizo iliyopita Chiriku alikuja na rafiki yake, msichana mrefu wa kuinama mlangoni, aliyelelewa na bibi yake, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Mrefu, ndivyo wenyewe walivyomwita. Alitengeneza redio ya fundi viatu kwa kisu cha mezani. Alitengeneza taa ya cherehani. Siku ya kuondoka aliiona ile pasi kwenye kikapu cha takataka, akauliza kwa adabu, "Mama, naweza kuchukua waya wake?" Fundi akamkatia mwenyewe kwa mkasi wa kazi, akamwambia chukua mwanangu, unanisaidia kupunguza takataka.

"Mama," mkuu alikuwa anamwambia, "una neno kabla hatujaamua?"

Chiriku aligeuza shingo. Aliona mama yake anatazama nini. Macho yao yakakutana, na msichana akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana, hivi kwamba wengine wangedhani anafukuza nzi.

Fundi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Baadaye, kila alipoirudia saa ile, aliiona ile nafasi ilivyokuwa pana. Walikuwa wanamngoja bila haraka. Dirisha lilikuwa wazi. Akilini alimwona Mrefu na bibi yake, hakujifanya hakuwaona. Akaona pia ngazi za kwao, na sketi ya shule iliyopigwa pasi, na asubuhi zinazofuatana.

"Waya ni wangu mimi," alisema. "Nilimpa rafiki yake. Yule mrefu."

"Mama!"

"Nilimkatia kwa mkono wangu. Huyu hajui hata kubadilisha balbu, anaogopa umeme tangu mdogo."

"Anadanganya!" Chiriku alipiga kelele, na hiyo ilikuwa sauti yake yote, ile iliyokuwa inajaza vyumba viwili. "Mwalimu, mama anadanganya! Mimi ndiye! Mimi nilifungua soketi, mimi niliunga, mimi!"

"Ulifungua na nini?" aliuliza mwalimu wa nidhamu.

Chiriku akafungua mdomo, akatafuta, akakosa. Chumba kizima kilimwona akikosa.

Mrefu aliitwa kutoka darasani. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alipoona kiraka cha maua na mama wa rafiki yake wako chumba kimoja, alisema yote: soketi ni yeye, alitumia kisu, waya ni yeye, wengine wawili walileta vijiko na ndoo, Chiriku alikuja na beseni lake tu, na waya aliushika pale alipouchomoa ukutani ili asife mtu. Alilia bila kujifunika uso. Kati ya kwikwi mbili alimgeukia fundi akasema, "Nisamehe, mama, nimekuharibia waya wako," na mwalimu mmoja wa kike kwenye ile kamati akavua miwani akatazama chini.

Hukumu ilikuwa kama mwalimu wa nidhamu alivyoahidi. Chiriku na wale wawili, wiki mbili nyumbani, halafu warudi. Mrefu asirudi.

*

Waliondoka shuleni mchana, kwa wakati mmoja kwa sababu lango ni moja. Wale wawili walichukuliwa na ndugu zao. Mrefu hakuwa na mtu wa kumfuata. Bibi yake hakuweza kupanda mlima ule, na simu yake ilikuwa imezimika. Alitoka bwenini na godoro limekunjwa kichwani na sanduku la bati mkononi, anatembea upandeupande.

Kwenye lango alipowafikia aliinama kadiri godoro lilivyomruhusu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ndivyo adabu ilivyotaka, na wote wawili wakaifuata. Fundi akanyoosha mkono kupokea sanduku, lakini Chiriku alikuwa ameshalishika upande wa pili. Akaweka begi lake mwenyewe chini, mavumbini, miguuni pa mama yake, bila kusema lichukue wala liache, akaondoka na Mrefu kuteremka barabara, sanduku katikati yao. Fundi akaliokota begi. Akawafuata kwa nyuma, umbali ambao mtu husikia sauti lakini hapati maneno. Walikuwa wanaongea. Kuna mahali Chiriku alicheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mwenzake.

Chini, kwenye kituo, walikaa juu ya sanduku wakingoja gari. Fundi alisimama. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa mlimani ulilifanya lisifae kitu. Alikuwa amelitafuta neno njia nzima, akalipata moja, akaliona ni jema.

"Sikiliza, binti," alimwambia Mrefu. "Mimi nina cherehani mbili. Ya pili imekaa bure. Ukitaka, njoo kwangu, nikufundishe. Una mikono. Ndani ya mwaka utakuwa fundi kunishinda mimi."

"Asante sana, mama. Nitamwambia bibi."

Chiriku hakuinua uso. Alikuwa anafagia vumbi kwa ncha ya kiatu, anafagia na kurudisha.

"Hataki kushona, mama," alisema. "Anataka kusoma."

Gari la Mrefu lilikuja kwanza. Godoro likafungwa juu, sanduku likasukumwa chini ya kiti. Alipata dirisha, akawapungia wote wawili sawasawa. Chiriku alisimama katikati ya barabara akipunga mkono wenye bendeji mpaka kona. Kisha akarudi, akakaa pale pale palipokuwa na sanduku, chini sasa, mikono imezunguka magoti.

Fundi akakaa karibu yake. Alitaka kumwambia kwamba wiki mbili si nyingi, kwamba atarudi, atamaliza, atakwenda mbali. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo aliyopanda mlima kuyatafuta. Akangoja Chiriku aseme chochote, hata tusi. Gari lao lilichelewa sana. Chiriku hakusema.